Marconi na Mawimbi Yasiyojua Chinsoni

Kila mwanafunzi wa fizikia hulijua jina la Guglielmo Marconi, aliyezaliwa Bologna, Italia, mwaka 1874. Akiwa kijana wa miaka 22 aliomba hataza nchini Uingereza kwa mtambo wa kupeleka habari bila waya, ambao wazee wetu waliuita simu ya upepo. Desemba 1901 ishara yake ilivuka Bahari ya Atlantiki kutoka Poldhu, Uingereza, hadi Newfoundland. Mwaka 1909 alitunukiwa Nobeli pamoja na Karl Ferdinand Braun.

Aghalabu hadithi yake huishia hapo, ilhali lipo tukio jingine lenye mafunzo zaidi. Marconi alishikilia kwamba ishara zake, maadam zilipangiwa masafa yake maalumu, hazingeingiliwa na mtu. Juni 1903, Profesa John Ambrose Fleming aliuonyesha umma mtambo huo katika Royal Institution, London. Kabla ujumbe wa Marconi haujafika kutoka Poldhu, mtambo ulianza kupokea tungo za kumkejeli Marconi mwenyewe. Mtumaji alikuwa Nevil Maskelyne, mfanya mazingaombwe, aliyetega mtambo wake jirani. Fleming alilalamika gazetini. Maskelyne akajitokeza bila haya, akidai kuwa alitaka umma uone udhaifu uliofichwa.

Udhaifu huo sasa umo majumbani mwetu Kisii na Nyamira, ambako mashamba ni madogo na nyumba zimekaribiana. Kwa mila ya Abagusii, chinsoni humkataza baba kuingia katika nyumba ya mwanawe aliyeoa. Mawimbi ya Wi-Fi hayajui chinsoni. Hupenya ukuta, yakavuka ua na migomba hadi kwa jirani. Atakayejiunga nayo bila idhini aweza kutumia intaneti unayoilipia, kuvifikia vifaa vyako, au kutenda uovu utakaoonekana kuwa umetoka kwako.

Dawa yake si ngumu. Kwanza, ibadilishe nywila, yaani neno la siri, ya kusimamia ruta, kwani ile ya kiwandani hujulikana na wengi. Pili, chagua ulinzi wa WPA3, au WPA2 ikiwa ruta ni ya zamani. Uepuke WEP, ambao wataalamu waliufichulia udhaifu wake mwaka 2001. Tatu, nywila ya kujiunga iwe ndefu, ya maneno manne au matano yasiyohusiana, wala isiwe jina la mtoto au namba ya simu. Nne, zima WPS, usasishe programu ya ruta, na wageni uwape mtandao wao wa pembeni.

Marconi alifariki Roma mwezi Julai 1937, na vituo vya redio katika nchi nyingi vikanyamaza dakika mbili kwa heshima yake. Alistahili heshima hiyo. Hata hivyo, mwalimu anayeyafundisha mawimbi yake hajamaliza somo mpaka awafundishe wanafunzi kuyafunga kwa ufunguo.