Ahmad bin Na'aman, nahodha wetu aliyefika New York

Watoto wetu hapa Maskati wakisoma vitabu vya mabaharia, majina yote ni ya Wazungu: Columbus, Nelson, Vasco da Gama. Ukiwauliza habari za Ahmad bin Na'aman Al Kaabi, wanakutazama tu. Basi leo tumzungumze.

Bwana Ahmad alikuwa mtu wa Sayyid Said bin Sultan, aliyetawala huku na Unguja. Mwaka 1833 Sayyid alitia saini hapa Maskati mkataba wa biashara na Marekani. Meli zao zikija Unguja kununua pembe na sandarusi, lakini zetu hazikwenda kwao. Sayyid akataka kujua, hivi sisi hatuwezi kwenda? Akamtuma Ahmad.

Meli yenyewe ni Sultana, iliyoundwa Bombay, yenye mizinga 14. Ilipakia tende, kahawa ya Mokha na mazulia; Unguja ikaongeza pembe za ndovu, karafuu, sandarusi na ngozi. Ikang'oa nanga Unguja Februari 1840, ikazunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikapita Saint Helena, na tarehe 30 Aprili ikatia nanga New York. Ndiyo meli ya kwanza ya Kiarabu kufika bandari ile.

Msidhani safari ilikuwa raha. Mwenye kuiongoza njia alikuwa Mwingereza, William Sleeman, na huyo bwana alikuwa mlevi. Fikirini: uko katikati ya Atlantiki, mali ya Sayyid iko juu ya kichwa chako, na mwenye kupima jua hajiwezi kwa pombe! Ahmad alivumilia mpaka wakafika. Meli nayo ilifika imechakaa.

Mji mzima ulitoka kuwatazama. Vilemba, kanzu na majambia hawajapata kuyaona. Ahmad akakaa kwa heshima yake, wakubwa wa mji wakamkaribisha, na mchoraji Edward Mooney akamchora. Picha ile ipo mpaka leo katika makumbusho ya Salem, Massachusetts. Jeshi la majini la Marekani likaitengeneza Sultana upya bila kudai malipo.

Lakini palikuwa na mtihani. Sayyid alimpelekea Rais Martin Van Buren zawadi, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu na lulu. Sheria yao hairuhusu Rais kupokea zawadi ya mfalme bila idhini ya Bunge. Kwetu sisi, kurudishiwa zawadi ni aibu kubwa, na angebeba aibu hiyo ni Ahmad. Mwisho Bunge likakubali zipokewe kwa niaba ya taifa, na farasi wakauzwa, fedha zikaingia hazina. Heshima ya Sayyid ikasalimika.

Shehena aliiuza, akanunua bidhaa za kurudi nazo, zikiwemo nguo za pamba. Nguo za huko ndizo bibi zetu wakiziita merikani. Sultana ikaondoka New York Agosti, na Desemba 1840 ikawa Unguja salama. Ahmad aliendelea kumtumikia Sayyid, naye akaishi mpaka 1869.

Hakuacha kitabu cha kujisifu. Aliyeiandika safari yake kwa urefu ni mwanadiplomasia wa Kimarekani, Hermann Eilts, mwaka 1962. Mie niliyefundisha miaka mingi naona haya kidogo: wageni wametuhifadhia babu yetu, sisi tumemsahau.

Basi, Ijumaa hii mkiwapeleka watoto Matrah kutazama bahari, waonyesheni kule majahazi yalikotokea. Waambieni, kutoka bandari za watu wetu alitoka mtu akaenda mpaka New York kwa upepo tu, akarudi na amana ya watu imetimia.