Habib Swaleh: Mgeni Aliyekuwa Mwenyeji wa Wasio na Kwao

Msomaji mpenzi, ukishuka jahazini Lamu hivi leo hukosi pa kuweka mzigo wako. Vijana watakulaki gatini, kila mmoja akiisifu nyumba yake ya wageni, na utakaa kwa kadiri ya mfuko wako. Wazee wetu waliijua pia ile hoteli ya ufuoni iliyobeba jina la Mwingereza Percy Petley, ambako walifikia Wazungu waliokuja kuitazama Lamu. Lakini nyumba ninayotaka kuizungumza leo haikutoza mtu senti. Mwenye nyumba hiyo naye alikuja mgeni, na alianza kupokea watu akiwa ndani ya kibanda cha udongo na makuti.

Bwana huyu ni Sharifu Swaleh bin Alawi Jamalilyl, anayejulikana pwani yote kwa jina la Habib Swaleh. Wengi wetu tumeyasikia maisha yake vipande vipande, usiku wa maulidi. Nimeona ni vyema niyapange hapa, kwa kuwa yana jambo linalonihusu mimi mwenyewe, na nadhani linawahusu wengi wanaosoma ukurasa huu.

MTOTO WA NGAZIJA

Habib Swaleh alizaliwa Ngazija, katika mji wa Singani, kati ya karne ya 19. Ukoo wake wa Jamalilyl ni wa masharifu wa Hadhramaut. Wazee wa ukoo huo walivuka bahari wakaja kukaa Pate, katika visiwa vyetu hivi hivi vya Lamu, na baadaye wengine wakashuka kusini mpaka Ngazija. Kwa hiyo kijana Swaleh alipofunga safari ya Lamu, alikuwa kama mtu anayerudi katika njia waliyopita babu zake.

Alikuja angali kijana, akafikia kwa ami yake, Sharifu Ali bin Abdallah Jamalilyl, aliyekuwa akiishi na kufundisha Lamu. Huko akasoma kwa ami yake na kwa wanavyuoni wengine wa mji. Siku hizo Lamu ilikuwa mji wa elimu na wa mali. Mashamba ya bara yalitoa mtama na ufuta, majahazi yalikuja na kaskazi na kuondoka na kusi, na waungwana wa Mkomani walikaa katika majumba ya mawe yenye zidaka na milango ya nakshi.

SABULE NA KIBANDA

Hapa yafaa tukumbuke jinsi Lamu ilivyowapokea wageni zamani. Katika majumba yale ya mawe kilikuwako chumba kilichoitwa sabule, ndicho chumba cha mgeni. Mfanyabiashara aliyekuja kwa jahazi kutoka Arabuni alikaribishwa humo, akalala, akala na kufanya shughuli zake mpaka upepo ugeuke. Ulikuwa ukarimu wa kweli, na hatuna haki ya kuudharau. Lakini sabule ilikuwa na mtu wake. Ilikuwa ya mgeni mwenye nasaba, mwenye bidhaa, au mwenye elimu.

Mpagazi, mkulima wa shamba la bwana na mtwana aliyebeba mawe ya kujengea nyumba ile hawakuwa na sabule. Hawakuhesabiwa kuwa wageni, ingawa wengi wao ndio waliotoka mbali zaidi kuliko wote, tena bila ya kupenda kwao. Walikaa ng'ambo bara mashambani, au upande wa Langoni, kusini ya mji, kwenye vibanda vya makuti, pamoja na wahamiaji waliokuja kutafuta riziki.

Sasa mtazame Habib Swaleh. Alikuwa sharifu, mjukuu wa Mtume (S.A.W.), na mwanafunzi hodari. Sabule yoyote ya Mkomani ingemfungulia mlango. Yeye akachagua kukaa Langoni. Akajenga kibanda cha udongo, akaezeka kwa makuti kama majirani zake, na akaanza kuwafundisha watumwa na watoto wao.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni huyu hakungoja kupewa jembe, na shamba alilolichagua lilikuwa lile ambalo wenyeji walikuwa wamelipuuza.

DARASA LA WATWANA

Kwa mtu wa leo huenda jambo hilo likaonekana dogo. Kufundisha Kurani kuna kosa gani? Lakini tuipime Lamu ya siku zile. Mtumwa alifundishwa kiasi cha kumwezesha kusali na kujua halali na haramu. Elimu yenyewe, yaani tafsiri, fikihi na lugha ya Kiarabu, ilikuwa ni ya nyumba za watu wenye majina. Elimu ndiyo iliyompa mtu kauli mbele ya wenzake. Anayemfundisha mtumwa elimu hiyo huwa amempa kauli, na mwenye kauli ni vigumu kumwita tena chombo cha kazi.

Wakati wenyewe nao ulikuwa wa misukosuko. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Mwaka 1885 Wajerumani waliingia Witu, na mwaka 1890 wakaipisha Uingereza. Mwaka 1907 serikali ya Waingereza ikaifuta kisheria hali ya utumwa katika pwani ya Kenya. Mashamba ya bara yakakosa watu. Reli nayo ilikuwa imeanzia Mombasa na kuifanya bandari hiyo kuwa kubwa, na mali ya Lamu ikaanza kupungua.

Watumwa walioachwa huru walikuwa huru kweli, lakini hawakuwa na kwao. Aliyetekwa mtoto mdogo kutoka Nyasa angerudi wapi? Angemtaja nani kuwa babu yake? Sheria ilimtoa katika nyumba ya bwana wake bila ya kumwonyesha nyumba nyingine ya kuingia. Habib Swaleh alikuwa ameanza kazi yake kabla ya sheria hiyo, na ilipokuja ikakuta mlango wake uko wazi.

MATARI NDANI YA MSIKITI

Ugomvi mkubwa ulikuwa juu ya maulidi. Tangu zamani Lamu ilisoma Barzanji, watu wakikaa kwa utulivu. Habib Swaleh akaileta maulidi iliyotungwa na Habib Ali bin Muhammad Al-Habshi wa Seiyun, Hadhramaut, mwanachuoni mkubwa aliyefariki mwaka 1915, ambaye yeye alimfanya kuwa kiongozi wake. Maulidi hiyo ikasomwa kwa kasida na kupigwa matari, watu wakiitika kwa pamoja, mpaka ndani ya msikiti.

Wako wanavyuoni na waungwana walioliona jambo hilo kuwa ni kuvunja heshima ya msikiti. Tusifanye haraka kuwalaumu. Suala la ngoma na ibada ni suala la elimu, na mpaka leo Waislamu wa pwani hawajaafikiana juu yake. Lakini naona palikuwa na jambo jingine chini ya hilo. Matari yaliwaita watu wa Langoni, na walipoitwa walikuja, wakaketi safu moja na masharifu, wakiitika kasida moja. Ngoma zao ambazo mji uliziona za kishenzi zilipata mahali katika sherehe ya kumsifu Mtume. Aliyeudhika na sauti ya matari huenda aliudhika zaidi na wale walioyapiga.

Habib Swaleh hakutunga vitabu vya kuwajibu wapinzani wake. Aliendelea kufundisha na kupokea watu.

RIYADHA

Kibanda hakikutosha tena. Karne ya 19 ilipokuwa ikimalizika na ya 20 kuanza, ulijengwa Langoni msikiti wa Riyadha, jina lake likifuata lile la msikiti wa Habib Ali kule Seiyun. Pamoja na msikiti kukawa na chuo, na pamoja na chuo kukawa na mahali pa kulala wanafunzi.

Hapo ndipo mimi ninapoiona nyumba ya wageni iliyo kubwa kupita zote katika historia ya Lamu. Wanafunzi walikuja kutoka visiwa vya Wabajuni, Mto Tana, Ngazija, Unguja na Tanganyika. Mtu alikuja na kanga ya mkeka na nguo mbili, akapewa pa kulala na bakuli la chakula, akakaa miaka, kisha akarudi kwao akiwa mwalimu. Gharama ilitoka kwenye wakfu na sadaka, na mara nyingi kwenye jungu la nyumba ya masharifu wenyewe. Hakuna aliyeulizwa kwanza babu yake ni nani. Wengi wao walipotoka hapo walifungua vyuo vyao, na kwa njia hiyo Riyadha ikafika mahali ambapo Habib Swaleh mwenyewe hakupata kufika.

Mwaka 1935 Habib Swaleh alifariki dunia, akazikwa Lamu. Tayari alikuwa mzee mwenye heshima katika mji mzima, pamoja na upande ule uliomtilia shaka alipokuwa kijana. Mwanawe, Sharifu Ahmad Badawi, alishika nafasi yake, na wajukuu wakaja kufuata. Nyumba nyingi za wageni hufa pamoja na mwenyewe, au warithi wakazigawana chumba chumba. Hii haikugawanywa, kwa kuwa tangu mwanzo mwenyewe hakuifanya mali yake.

NENO LANGU MWENYEWE

Nilisema mwanzo kuwa yako mambo yanayonihusu. Mama yake bibi yangu alikuwa mtumwa wa shamba, ng'ambo bara. Jina lake tunalijua, lakini la baba yake hatulijui. Bibi, aliyefariki mimi nikiwa kijana, alizaliwa karibu na mwaka ule wa 1907, akakulia Langoni. Hakujua kutaja babu watatu, lakini kasida za maulidi alizijua zote kwa moyo, na alipozisoma sauti yake ilikuwa ya mtu aliye kwao.

Katika ujana wangu nilipeleka posa mahali fulani. Niliulizwa ukoo, nikajibu kweli. Jibu la posa halikuja. Baada ya miezi nikasikia kuwa binti ameozwa kwingine. Sikuyataja hayo kwa mtu kwa miaka mingi, na leo siyataji kwa chuki, kwani waliohusika wengi wao wametangulia mbele ya haki. Nayataja kwa sababu wako vijana ambao mpaka sasa huulizwa swali lile lile, ingawa siku hizi huulizwa kwa sauti ya chini na kwa maneno laini.

Kila mwaka, mwishoni mwa Mfungo Sita, mji wa Lamu hujaa watu waliokuja kwenye maulidi ya Riyadha. Nyumba za wageni hazitoshi, na watu hulala mabarazani, na juu ya mikeka ndani ya nyumba za jamaa na wasio jamaa. Mashua hushindana kwa tanga, na punda hushindana njiani. Husomwa maulidi usiku, hufanywa ziyara kwenye kaburi la Habib, kisha hutembea zefe, matari yakilia. Mwaka uliopita nilikuwa katika safu hiyo. Kuliani kwangu alikuwa kijana wa Kipokomo, na kushotoni mzee wa nyumba maarufu ya Mkomani aliyenishika mkono ili nisijikwae kwenye jiwe. Hakuniuliza mimi ni wa nani. Ama nyumbani kwake, kama ningekwenda kwa posa ya mjukuu wangu, sijui angeniuliza nini.

Huo ndio mtihani aliotuachia Habib Swaleh. Kumsifu ni rahisi, kwani matari yanapigwa na halua inagawiwa. Lakini yeye hakuwakaribisha watu wa Langoni kwa usiku mmoja wa sherehe kisha akawaaga asubuhi. Alihamia kwao, akala nao, akawapa watoto wao elimu ile ile aliyowapa wanawe. Sisi tunaojiita wafuasi wake tunawafungulia watu msikiti, na ni vyema, lakini nyumba zetu nyingi bado zina sabule, na sabule hiyo bado ina mtu wake.

Basi ukifika Lamu, msomaji, pita Langoni, usali rakaa mbili Riyadha, umwombee mgeni yule wa Ngazija. Mwenyezi Mungu amrehemu, na atupe sisi moyo wa kufungua milango yetu kama alivyoufungua wake. Amin.