Maisha ya René Descartes na Majira ya Nukta

Wakati wa likizo ukumbi wa parokia hapa Msasani hujaa vijana wa Kidato cha Kwanza na cha Pili wanaokuja kujisomea, nasi mapadre hupita kuwasalimu. Mara kadhaa tumekuta juu ya meza karatasi ya grafu yenye mihimili miwili iliyochorwa kwa rula, safi kabisa, lakini nukta ya (3, 2) imewekwa mahali pa (2, 3). Tukiuliza, tunajibiwa kwamba mada hii ni mpya na ni ngumu. Kumbe wengi waliotoka shule za msingi za Kiswahili walikwisha kuionja kwa jina la majira ya nukta. Sekondari imewarudia ikiwa na jina la Kiingereza, nao hawakuitambua.

Tumeona vema, basi, kuwasimulia wao na wazazi wao maisha ya mtu ambaye jina lake limebaki katika mihimili hiyo. Kwa Kilatini aliitwa Cartesius, na ndiyo maana hata leo uwanja wa grafu huitwa wa Kikartesi.

René Descartes alizaliwa tarehe 31 Machi 1596 katika mji mdogo wa La Haye, jimbo la Touraine, nchini Ufaransa. Mama yake alifariki dunia mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja tu, naye akalelewa na bibi yake. Baba alikuwa mwanasheria, na kazi ilimweka mbali na nyumbani. Mtoto alikuwa dhaifu wa mwili. Alipopelekwa katika chuo cha Wajesuiti huko La Flèche, walezi walimruhusu kubaki kitandani asubuhi wenzake walipoamka, naye akaifanya saa hiyo kuwa ya kutafakari. Sisi tuliolelewa seminarini kwa kengele ya alfajiri tunaisoma habari hii kwa wivu kidogo.

Hapo chuoni alijifunza Kilatini, falsafa na hisabati, na ni hisabati iliyompendeza kwa sababu ya uhakika wake. Baadaye alisoma sheria huko Poitiers, akamaliza mwaka 1616, kisha akaenda kuwa askari Uholanzi. Katika mji wa Breda, mwaka 1618, alikutana na mwanazuoni Isaac Beeckman aliyemwamsha upya katika masomo. Usiku wa tarehe 10 Novemba 1619, akiwa Ujerumani, aliota ndoto tatu alizoziona kama wito wa maisha yake, naye akaweka nadhiri ya kuhiji kwa Bikira Maria wa Loreto.

Tangu mwaka 1628 alihamia Uholanzi, akaishi huko miaka ishirini na zaidi. Rafiki yake Padre Marin Mersenne, mtawa wa Waminimi aliyekuwa Paris, ndiye aliyemuunganisha kwa barua na wataalamu wa Ulaya. Mwaka 1633, aliposikia kwamba Galileo amehukumiwa huko Roma, alikizuia kitabu chake kuhusu ulimwengu kisichapishwe.

Kunako mwaka 1637, mjini Leiden, kilitoka kitabu kisichokuwa na jina la mwandishi. Kilieleza njia ya kuongoza akili, na mwishoni kikawa na sehemu iitwayo Jiometri. Hakikuandikwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi, bali kwa Kifaransa, ili nao wasiopitia vyuo wakisome.

Hadi wakati huo aljebra na jiometri zilikuwa kama jirani wasiotembeleana sana. Descartes alionesha kwamba mstari unaweza kuandikwa kwa mlinganyo, na mlinganyo ukachorwa kuwa mstari. Kijana achukue y = 2x. Akiweka 1 mahali pa x, y ni 2. Akiweka 2, ni 4. Akiweka 3, ni 6. Aweke nukta hizo tatu kwenye karatasi, aziunganishe kwa rula: zimelala katika mstari mmoja ulionyooka.

Kwa mtoto wa Msasani jambo hili haliko mbali. Mvuvi anayerudi mahali pake pa samaki katikati ya ghuba haoni alama yoyote juu ya maji. Huangalia nchi kavu, akalinganisha mti na paa upande mmoja, akalinganisha alama nyingine mbili upande wa pili. Mistari hiyo miwili inapokutana ndipo anapotia nanga. Mstari mmoja pekee haumtoshi. Ramani nayo huiweka Msasani karibu nyuzi 6 na robo tatu kusini mwa Ikweta na nyuzi 39 na robo mashariki. Hapa mwalimu awe mwangalifu: katika jiografia hutangulia namba ya kaskazini na kusini, lakini katika hisabati hutangulia ya mlalo. Tunashuku kwamba mkanganyiko wa (3, 2) na (2, 3) kwa wengine huanzia hapo.

Haki inatudai tuseme pia kwamba Descartes hakuwa peke yake. Mwanasheria Pierre de Fermat wa Toulouse aligundua mambo hayo hayo katika miaka hiyo hiyo. Tena, katika Jiometri hamna mihimili miwili kamili kama ya daftari zetu, wengine waliikamilisha. Kile kisa cha inzi aliyetembea darini huku Descartes akimtazama kutoka kitandani ni hekaya tu. Kitabu chenyewe kilikuwa kigumu, na kwa makusudi: mwandishi aliacha hatua nyingi ili msomaji azitafute. Frans van Schooten, mwalimu wa hisabati huko Leiden, alikitafsiri kwa Kilatini mwaka 1649 na kuongeza maelezo, na tafsiri hiyo ndiyo iliyomfikia Newton akiwa kijana.

Maisha yake hayakukosa majeraha. Alizaa nje ya ndoa binti, Francine, aliyefariki mwaka 1640 akiwa na miaka mitano. Mwaka 1649 Malkia Christina alimwita Sweden, akataka afundishwe saa kumi na moja alfajiri, katika baridi kali. Descartes alipatwa na homa ya mapafu, akafariki Stockholm tarehe 11 Februari 1650. Kwa kuwa alikuwa Mkatoliki katika nchi ya Kilutheri, alizikwa katika makaburi ya watoto yatima. Baadaye mabaki yake yakarudishwa Ufaransa. Mwaka 1663 Kanisa liliviweka baadhi ya vitabu vyake katika orodha ya vilivyokatazwa, nasi hatuna sababu ya kulificha hilo.

Malkia huyo aliacha kiti cha enzi mwaka 1654, akawa Mkatoliki, na amezikwa katika Basilika la Mtakatifu Petro, Vatikani.

Vijana wa ukumbini tumewaomba waandike kwa Kiswahili pembeni mwa karatasi ya grafu: kulia au kushoto kwanza, kisha juu au chini. Mtihani utakuja kwa Kiingereza, hilo tunalijua.