Steinheil na Maana Tatu za Ardhi

Mwanafunzi wa ualimu anapochora mzunguko wa redio huweka alama ya ardhi mahali pengi. Tukimwuliza umeme unakwenda wapi hapo, mara nyingi hutujibu kwamba unamezwa na udongo. Na redio yenyewe ni ya betri, imeshikwa mkononi! Kosa hili tumejaribu kulisahihisha kwa kanuni na michoro, tusifanikiwe sana. Tumeona afadhali kuanza na maisha ya mtu aliyeigundua njia ya ardhini.

Carl August von Steinheil alizaliwa Alsace mwaka 1801. Aliyaacha masomo ya sheria akajifunza elimu ya nyota, na mwaka 1832 akawa profesa wa hisabati na fizikia katika Chuo Kikuu cha München, Ujerumani. Mwaka uliofuata Gauss na Weber walitandaza waya za telegrafu, yaani simu ya maandishi, mjini Göttingen. Steinheil naye akaunganisha München na kituo cha kutazamia nyota cha Bogenhausen, kwa waya ya kwenda na waya ya kurudi.

Mwaka 1838 alijaribu kutumia reli za garimoshi, baina ya Nürnberg na Fürth, badala ya waya. Jaribio lilishindwa, kwa kuwa umeme ulivuja kutoka reli moja hadi ya pili kupitia udongo. Mwingine angaliulaani udongo huo na kurudi nyumbani. Steinheil alifikiri kwamba ikiwa udongo hupitisha umeme kiasi hicho, basi waweza kufanywa njia ya kurudia. Akafukia bamba la shaba kila mwisho wa njia, akaondoa waya ya pili, na telegrafu ikafanya kazi kwa nusu ya waya.

Ardhi ya Steinheil, basi, hubeba mkondo kila ujumbe upitapo. Waya ya ardhi ya pasi haibebi mkondo siku za kawaida. Hungojea hitilafu, ili umeme ulioingia katika chuma cha pasi upate njia nyepesi na fyuzi ikatike. Asiyetenganisha mambo haya mawili ndiye atakayeiunga waya ya kurudia na tundu la ardhi ndani ya soketi. Siku waya hiyo ikatikapo, pasi itamwua mtu. Ardhi ya redio ya betri ni jambo la tatu. Ni mahali tulipopachagua kuwa sifuri ya kupimia volti nyingine, na mkondo ufikao hapo hurudi kwenye betri. Hata bodi ya motokaa huitwa ardhi, ingawa imekaa juu ya mipira!

Steinheil hakukaa sana na telegrafu. Mwaka 1839 yeye na Kobell walikuwa miongoni mwa wa kwanza kupiga picha Ujerumani. Baadaye alizitumikia Austria na Uswisi katika kazi za telegrafu, kisha akaanzisha kiwanda cha lenzi na darubini. Alifariki München mwaka 1870.

Darasani twatumia sanduku la udongo, mabamba mawili ya shaba, betri na galvanometa. Udongo ukiwa mkavu sindano husogea kidogo mno. Ukimwagiwa maji ya chumvi huruka. Baadaye twawapa wanafunzi redio ndogo ya betri, waitafute ardhi yake.