Fay Jones: Msanifu aliyejenga kwa mbao za kubebeka mabegani

Anayefanya biashara ya mbao katika ukanda wetu anazijua 2 kwa 4, 2 kwa 6 na 2 kwa 12. Ni vipimo vinavyotajwa kila siku pale malori yanapopakia Mafinga, na pale mzigo unapohesabiwa mpakani kabla ya kuvuka. Ni bidhaa ya kawaida, na mnunuzi huulizia bei bila kuuliza historia yake.

Kwa vipimo hivyohivyo, mtu mmoja wa Marekani alisimamisha katikati ya msitu kikanisa cha mbao na vioo ambacho kimetembelewa na watu zaidi ya milioni 6. Jina lake ni Euine Fay Jones. Wengi walimwita Fay tu. Alifariki mwaka 2004, na wasanifu majengo wa nchi yake wanaendelea kumsoma.

Alizaliwa Januari 31, 1921, katika mji wa Pine Bluff, jimbo la Arkansas, kusini mwa Marekani. Alikulia El Dorado, mji mwingine wa jimbo hilo. Utotoni alipenda kuchora na kujenga vibanda juu ya miti, na mapenzi hayo ya kukaa kati ya matawi yalikuja kuonekana tena katika kazi zake za utu uzima.

Mwaka 1938, akiwa kijana wa shule, aliona kwenye sinema filamu fupi kuhusu jengo la ofisi za kampuni ya Johnson Wax, kazi ya msanifu mashuhuri Frank Lloyd Wright. Hadi siku hiyo hakuwa amefahamu kwamba kuna watu ambao kazi yao ni kubuni majengo. Alitoka akiwa ameamua kuwa mmoja wao.

Njia haikuwa fupi. Chuo Kikuu cha Arkansas hakikuwa na masomo ya usanifu majengo wakati huo, hivyo alianza na uhandisi. Kisha vikaja Vita vya Pili vya Dunia, naye akawa rubani wa jeshi la majini upande wa Pasifiki. Mwaka 1943 alimwoa Mary Elizabeth Knox, aliyeitwa Gus na watu wake. Aliporudi kutoka vitani chuo kilikuwa kimeanzisha masomo aliyoyataka, na mwaka 1950 alikuwa katika kundi la kwanza kabisa kuhitimu. Mwaka uliofuata alipata shahada ya pili katika Chuo cha Rice, mjini Houston.

Mjini Houston ndipo alipokuwa amekutana na Wright ana kwa ana. Ilikuwa mwaka 1949, na mzee huyo alikuwa amekwenda kupokea medali ya dhahabu ya Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani. Jones na wanafunzi wenzake walikuwa wamesafiri kwenda kumwona kwa mbali tu. Wright alitoka nje ya ukumbi kuwakwepa watu, akawakuta vijana kwenye ujia wa hoteli, akamshika Jones mkono na kuanza kumzungusha humo, akimweleza kasoro za jengo lile. Mwaka 1953 Jones alikwenda kuishi na kujifunza kwake Taliesin, katika jimbo la Wisconsin, na uhusiano wao ulidumu hadi Wright alipofariki mwaka 1959.

Mtu aliyepita mikono ya mwalimu kama huyo angeweza kufungua ofisi New York au Chicago. Jones alirudi nyumbani. Mwaka huohuo wa 1953 alianza kufundisha Chuo Kikuu cha Arkansas katika mji wa Fayetteville, na hakuacha hadi alipostaafu mwaka 1988. Baada ya saa za darasa alichora nyumba za watu, akiwa na ofisi ndogo yenye wasaidizi wachache.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama. Magazeti makubwa ya usanifu yalikuwa yakisifu majengo marefu ya zege na chuma mijini, na mtu anayejenga nyumba za familia katika milima ya Ozark hakuonekana. Kwa miaka karibu 30 Jones alifanya kazi nzuri ambayo nje ya jimbo lake wachache waliifahamu. Alitumia mawe ya mahali pale na mbao za mahali pale, na aliwaajiri mafundi wa mahali pale.

Mmoja wa wateja wake alikuwa mfanyabiashara mwenye duka katika mji mdogo wa Bentonville. Mwishoni mwa miaka ya 1950 Jones alimchorea nyumba ya mawe na mbao juu ya kijito. Mwenye duka huyo ni Sam Walton, ambaye mwaka 1962 alifungua duka la kwanza la Walmart katika mji jirani wa Rogers. Nyumba iliungua kwa radi mwaka 1972, na Walton alipoamua kujenga upya alimwita tena Jones.

Kazi iliyobadilisha maisha yake ilitoka kwa mteja asiye tajiri. Jim Reed alikuwa mwalimu mstaafu. Mwaka 1971 alinunua ardhi yenye msitu nje ya mji wa Eureka Springs, akitaka kujenga nyumba ya uzeeni. Mahali penyewe palikuwa pazuri, na wasafiri waliopita barabarani walizoea kusimamisha magari na kuingia kutazama bonde. Wengine wangeweka uzio na kibao cha kukataza. Reed aliwaza kinyume chake: awajengee wageni hao mahali pa kupumzika na kutafakari. Akamtafuta Jones.

Wote wawili walikubaliana kwamba msitu usiharibiwe. Kilichowavuta watu kilikuwa miti na mawe, na kuingiza mashine kubwa kungemaanisha kufyeka njia pana na kuua kilekile kilichowaleta wageni. Kwa hiyo Jones alijiwekea sharti: kisitumike kipande chochote ambacho watu wawili hawawezi kukibeba kwa kupita katikati ya miti.

Sharti hilo ndilo lililoamua umbo la jengo. Nguzo nene na mihimili mirefu ya kipande kimoja haikuwezekana. Zilibaki mbao nyembamba za msonobari, za vipimo vinavyouzwa dukani, zisizozidi 2 kwa 12. Kwa kuwa ubao mmoja mwembamba hauna nguvu ya kutosha, ilibidi ziwe nyingi, zikiungana na kukingamana. Kenchi ziliundwa chini, palepale kwenye sakafu, kisha zikanyanyuliwa na kusimamishwa moja baada ya nyingine.

Ujenzi ulianza Machi 1979. Kabla haujafika mwisho, fedha za Reed zilikwisha. Mabenki yalimkatalia mkopo, na kwa muda ilionekana kwamba msitu ungebaki na mifupa ya mbao isiyo na paa. Reed mwenyewe alisimulia baadaye jinsi alivyoteremka jioni moja hadi kwenye jengo lile akidhani anakwenda kuliaga, akapiga magoti na kuomba. Siku chache baadaye alipatikana mtu aliyekubali kumkopesha. Kikanisa kilifunguliwa Julai 10, 1980, kikapewa jina la Thorncrown, yaani taji la miiba.

Mgeni wa leo huacha gari pembeni na kutembea kwa miguu kupitia njia ya msituni. Jengo halionekani hadi amelikaribia, kwa sababu mbao zake zilipakwa rangi ya kijivu inayofanana na magome ya miti iliyolizunguka. Ni dogo. Upana wake ni futi 24, urefu wake futi 60, na kimo chake futi 48. Eneo hilo halizidi la ghala dogo la nafaka, lakini kimo ni cha nyumba ya ghorofa nne.

Akiingia ndani, miguu inakanyaga mawe ya bapa na macho yanapanda juu yenyewe. Mbao zinapishana juu ya kichwa safu baada ya safu, mithili ya matawi. Pale zinapokutana katikati Jones aliweka viungo vya chuma vyenye tundu la umbo la almasi, hivyo mahali ambapo jicho linatarajia kuona fundo zito, mwanga unapita. Kuta zote ni vioo. Yapo madirisha 425, na jumla ya vioo ni futi za mraba 6,000. Katikati ya paa umeachwa ukanda wa kioo unaoteremsha jua.

Kwa hiyo jengo halifanani saa mbili mfululizo. Asubuhi vivuli vya mbao huangukia upande mmoja wa viti, mchana hukatika vipandevipande sakafuni. Wakati wa majani mabichi ndani huwa kijani, majani yanapogeuka rangi kabla ya baridi ndani huwa njano na nyekundu, na theluji ikianguka kila kitu huwa cheupe. Hakuna pambo la gharama. Msitu ndio ukuta, na msitu ndio pambo.

Jones alisema wazi kwamba alikuwa akiifikiria Sainte-Chapelle ya Paris, kikanisa cha kifalme cha karne ya 13 ambacho kuta zake ni vioo vya rangi. Makanisa ya mawe ya zama zile yaliegemezwa kwa nguzo za nje zinazosukuma kuta zisilale. Jones aligeuza mpango huo. Mbao zake zinazokingamana ziko ndani, nazo huzivuta kuta pamoja badala ya kuzisukuma. Jiwe lina nguvu likigandamizwa, lakini ubao huvumilia pia kuvutwa, naye alijenga kwa kufuata tabia ya kitu alichokuwa nacho.

Sifa zilikuja haraka, naye alikuwa karibu na umri wa miaka 60. Mwaka 1981 Taasisi ya Wasanifu Majengo ya Marekani ilikipa kikanisa tuzo yake ya kitaifa. Wasanifu wa nchi hiyo walipoulizwa mwaka 1991 juu ya majengo yaliyojengwa tangu 1980, walikiweka cha kwanza. Kabla ya hapo, mwaka 1990, Jones mwenyewe alikuwa amepokea medali ya dhahabu ya taasisi hiyo, ileile ambayo Wright aliifuata Houston miaka 41 nyuma, siku alipomshika mkono mwanafunzi kwenye ujia wa hoteli.

Maombi ya kazi yaliongezeka, lakini Jones hakuhama Fayetteville. Alijenga banda la Pinecote katika bustani ya miti ya Crosby, jimbo la Mississippi, mwaka 1987, na kikanisa cha Mildred Cooper huko Bella Vista, Arkansas, mwaka 1988. Pamoja na mshirika wake Maurice Jennings alibuni pia banda la mbao katika bustani ya msituni kando ya Ziwa Hamilton, karibu na mji wa Hot Springs. Bustani hiyo ilikuwa mali ya Verna Cook Garvan, mwanamke aliyerithi na kuendesha biashara ya mbao na matofali ya familia yake, kisha akaiachia Chuo Kikuu cha Arkansas.

Fay Jones alifariki Agosti 2004 mjini Fayetteville, akiwa na umri wa miaka 83. Miaka miwili baadaye, katika bustani ileile ya Garvan, kilifunguliwa kikanisa cha Anthony, cha mbao na vioo, kikisimama kati ya misonobari. Walikibuni Maurice Jennings na David McKee, na anayekiingia baada ya kuiona Thorncrown hutambua mara moja walikojifunza. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Arkansas kilikipa kitivo chake cha usanifu majengo jina la Fay Jones.

Kazi yake bado inahitaji walinzi. Jengo ambalo kuta zake ni msitu huharibika msitu ukiguswa, hata kama hakuna aliyegusa ubao mmoja. Mwaka 2013 ulipotangazwa mpango wa kupitisha njia kubwa ya umeme karibu na Thorncrown, wenyeji na wasanifu walipinga, na mwishoni mwa mwaka 2014 mpango huo uliachwa.

Thorncrown iko kandokando ya barabara kuu namba 62, magharibi mwa Eureka Springs. Kuingia ni bure, na anayetaka kuchangia huchangia. Mfanyabiashara wa mbao kutoka kwetu akifika huko hatahitaji mkalimani wa kumwelezea vipimo. Ataangalia juu na kuanza kuhesabu: 2 kwa 4, 2 kwa 6, 2 kwa 12.