Jina Lililotangulia Mwenyewe

Wengi wetu tunamjua Mirambo kama jina la shule ya sekondari au kambi ya jeshi pale Tabora. Lakini kwao Uyowa, alikozaliwa karibu mwaka 1840, hakuitwa hivyo. Jina lake lilikuwa Mbula Mtelya, mwana wa mtemi Kasanda. Mirambo ni jina alilojipa baadaye, na kwa Kinyamwezi maana yake ni maiti. Hebu fikiria, mtu anajichagulia jina hilo!

Nadhani alijua anachofanya. Kwenye saikolojia ya elimu tunasoma kwamba neno lililobeba hisia mara nyingi hutambulika haraka kuliko neno kavu kama meza, japo tofauti ni sehemu ndogo tu ya sekunde. (Kwenye maneno ya furaha hilo halina ubishi sana. Ya hofu ndiyo yanawagawa wataalamu, maana kuna majaribio ambapo yanamchelewesha mtu, yaani akili inaganda hapo kwanza.) Mirambo hakuwa na maabara. Alikuwa na njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, na habari zilitembea na wapagazi.

Mwaka 1871 akaifunga njia hiyo. Waarabu wa Tabora wakamwendea na jeshi, Stanley naye akiwemo, yule mwandishi wa habari aliyekuwa akimtafuta Livingstone. Wakateka vijiji, wakaanza kurudi na pembe za ndovu na mateka, kumbe Mirambo na rugaruga wake wamewavizia njiani. Mwezi huohuo akaingia Tabora yenyewe na kuchoma sehemu ya mji. Ikambidi Stanley azungukie kusini ndipo afike Ujiji.

Mimi napenda zaidi ya mwaka 1876. Stanley alipita tena, safari hii wakakutana uso kwa uso, wakachanjiana. Alikuwa ametarajia jambazi. Akamkuta mtu mpole, mwenye adabu na sauti ya chini. Miaka mitano yote hiyo jina ndilo lililokuwa likipiga kelele, mwenyewe wala hakuhitaji.

Alifariki kwa maradhi tarehe 2 Desemba 1884. Mrithi wake, Mpandashalo, hakuweza kuishikilia dola, ikasambaratika ndani ya miaka michache. Urambo ikabaki na jina. Leo ukilitamka pale Ng'ambo, mwanafunzi anawaza kengele ya asubuhi na mtihani wa hesabu.