Thomas Lipton: Mwenye duka aliyeipa chai jina

Wakulima wa Nyamache, Kaunti ya Kisii, hubeba majani mabichi ya chai hadi kituo cha kupimia, kisha lori huyapeleka kiwandani. Kutoka hapo, sehemu kubwa ya chai ya Kenya hutiwa katika magunia na kupelekwa mnadani Mombasa, ambako wanunuzi huichukua na kuichanganya na chai ya nchi nyingine. Jina la Nyamache huishia njiani. Miongoni mwa majina yanayomfikia mnywaji ng'ambo, lipo la mtu aliyefariki zaidi ya miaka 90 iliyopita na ambaye hakuwa mkulima bali mwenye duka: Thomas Lipton.

Lipton alizaliwa mjini Glasgow, Scotland, mwaka wa 1848, ingawa mwenyewe alipenda kudai kwamba ni 1850. Wazazi wake walikuwa maskini waliotoka Ireland, na waliishi kwa kuuza siagi, mayai na nyama ya nguruwe katika kiduka kidogo. Aliacha shule akiwa mtoto, akafanya vibarua, na akiwa bado kijana akaabiri meli kwenda Marekani. Huko alifanya kazi mashambani, kisha katika duka kubwa jijini New York. Kazi ya dukani ndiyo iliyomfunza, kwani aliona jinsi bidhaa zilivyopangwa na jinsi mteja alivyovutwa kabla hajafika kwenye kaunta.

Mwaka wa 1871 alifungua duka lake la kwanza mjini Glasgow. Wenye maduka wengine waliandika jina mlangoni na kusubiri. Lipton aliwapeleka nguruwe wanono barabarani kwa gwaride, wakiwa na bango lililotangaza kwamba wanaelekea dukani kwake. Aliweka vioo viwili, kimoja kikimwonyesha mteja amekonda anapoingia, kingine kikimwonyesha amenenepa anapotoka. Aidha, alichapisha karatasi zilizofanana na noti ya pauni moja. Hizo zilimletea matata, kwani kuna waliozitumia kama pesa halali.

Kubwa zaidi lilikuwa la jibini. Krismasi ya mwaka wa 1881 aliagiza jibini kubwa kupindukia kutoka Marekani, akaficha ndani yake sarafu za dhahabu, na umati ukaimaliza kwa muda mfupi. Aliurudia mchezo huo katika miji mingine. Polisi wa mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza walipohofia kwamba wanunuzi wangekabwa na sarafu, Lipton hakubishana nao. Alichapisha tangazo akiwaonya wateja juu ya hatari hiyo hiyo. Ni vigumu kupata tangazo lililouza vizuri zaidi ya onyo hilo.

Hata hivyo, vituko peke yake visingeuza chai. Mwaka wa 1890 alisafiri hadi Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, akanunua mashamba. Wakati huo chai iliuzwa Uingereza kwa kuchotwa kutoka kwa kasha, na mteja hakuwa na hakika ya uzani wala ubora. Bei ilikaribia shilingi tatu kwa ratili. Lipton aliuza yake kwa shilingi moja na peni saba, katika pakiti za ratili moja, nusu na robo.

Pakiti iliyofungwa humnyima mnunuzi nafasi ya kuona na kunusa. Tatizo hilo ndilo linalomkabili leo kijana wa Nyamache anayetangaza ndizi au parachichi mtandaoni kwa simu yake. Jawabu la Lipton lilikuwa kuandika mambo yanayopimika, yaani uzani, bei na mahali chai ilikotoka. Kwa maneno machache alimweleza mnunuzi kwamba chai hiyo ilitoka shambani moja kwa moja hadi kwenye birika lake. Mama wa nyumbani aliweza kuupima uzani huo mwenyewe, na akiridhika, akaamini na yale mengine.

Yale mengine hayakuwa kweli yote. Mashamba ya Lipton yalitoa sehemu ndogo tu ya chai aliyouza, na iliyobaki aliinunua kwa wengine. Wachumaji wa Kitamil, ambao picha zao zilipamba matangazo yake, walifanya kazi ngumu kwa ujira mdogo. Tangazo lilimleta mchumaji mbele ya macho ya mnunuzi lakini likaficha mshahara wake.

Utajiri ulimletea heshima. Alitunukiwa cheo cha Sir mwaka wa 1898, na kati ya 1899 na 1930 alishindania Kombe la Amerika la mashua mara tano, akishindwa kila mara. Wamarekani walimpenda kwa jinsi alivyokubali kushindwa, na jina lake likazidi kutajwa magazetini bila yeye kulipia.

Alifariki London tarehe 2 Oktoba 1931, bila mke wala mtoto, na sehemu kubwa ya mali yake akaiachia Glasgow, alikozikwa. Wakati huo Mwafrika mwenye shamba dogo nchini Kenya alikuwa bado hajaruhusiwa kupanda chai. Idhini ilikuja katika miaka ya 1950, na shirika la kuwasimamia wakulima wadogo, KTDA, likaundwa mwaka wa 1964. Kufikia wakati huo, jina la Lipton lilikuwa limekaa kwenye pakiti kwa zaidi ya miaka 70.